Kusoma ubongo bila kuwa daktari: Kozi ya pembeni ina faida gani kwako?

Nilikuwa na miaka 16 siku niliyochukua kijiko jikoni nikajaribu kukipitisha katikati ya meno ya mtoto wa shangazi yangu.

Ilikuwa Jumapili, Kayole, tumetoka tu kula chapati. Kijana alikuwa darasa la tatu. Alikuwa anacheka kitu kwenye TV, ghafla akanyamaza, macho yakapinduka, akaanguka kati ya kochi na meza. Mwili ukakakamaa, kisha ukaanza kutetemeka. Mtu akapiga kelele: "Leteni kijiko asijing'ate ulimi!" Mimi ndiye niliyekuwa karibu na jikoni. Nikaleta, nikasukuma, na jino moja la mbele likavunjika.

Dada yake mkubwa, ambaye ni rika langu, alikuwa amesimama mlangoni. Hakunilaumu siku hiyo wala baadaye. Lakini miaka michache mbele, alipopata ufadhili wa kwenda kusomea sayansi ya kompyuta katika chuo kimoja jimbo la Ohio, Marekani, aliongeza kitu ambacho hakuna mtu nyumbani aliyemtuma: kozi ya pembeni ya sayansi ya ubongo na neva.

"Kwani sasa unataka kuwa daktari?" nikamuuliza kwa simu.

"Zii," akasema. "Nataka tu kuelewa kile kilichotokea pale sebuleni."

Makala haya ni yako wewe unayejaza fomu za vyuo vya ng'ambo. Ni yako pia kama uko mwaka wa kwanza hapa nyumbani na umeanza kuona kozi uliyopewa haikushibishi. Nataka nikuambie kozi ya pembeni ni nini, hii ya ubongo ina nini ndani yake, inakugharimu nini, na kile ambacho haitakupa hata ukiisoma usiku kucha. Kisha utaamua mwenyewe.

Maina si jirani yako

Tuanze na majina. Marekani mwanafunzi wa digrii ya kwanza huchagua kozi kuu, ambayo wao huiita meja. Usipige saluti, si cheo cha jeshi. Pembeni mwake anaweza kuongeza kozi ndogo wanayoiita maina. Naye si yule Maina wa duka la kona. Mimi nitasema kozi kuu na kozi ya pembeni, tuelewane.

Digrii ya kawaida kule huwa na krediti 120 hivi, na darasa moja mara nyingi lina krediti tatu au nne. Kozi ya pembeni huchukua kati ya krediti 15 na 24, yaani madarasa matano hadi saba. Hupati cheti cha pili. Inaandikwa tu kwenye nakala ya matokeo yako kwamba, mbali na kompyuta au uchumi au falsafa, ulisoma na hiki pia.

Hapa kwetu mambo ni tofauti. Wengi wetu tunapangiwa na KUCCPS kulingana na alama, unaingia mlango mmoja na unatarajiwa kutokea mlango huo huo miaka minne baadaye. Walimu ndio wamezoea kubeba masomo mawili, kama Kiswahili na Historia. Pia kuna vyuo vichache Nairobi vinavyofuata mfumo wa Kimarekani. Lakini kwa wengi, ukiwa mtu wa Biashara wewe ni wa Biashara, na ukipenda kitu kingine utakipendea YouTube.

Ndiyo maana wazo la kozi ya pembeni huwavutia sana Wakenya wanaofika huko. Unaambiwa unaweza kuwa mtu wa vitu viwili. Hapo ndipo wengi hujikwaa, kwa sababu "sayansi ya ubongo" ni jina tamu. Linasikika vizuri ukilitaja mbele ya wajomba kwenye harusi. Jina tamu halikai na wewe saa saba usiku ukikariri majina ya protini.

Unakutana na nini darasani?

Binamu yangu alinitumia picha za daftari lake tangu wiki ya kwanza. Nilianza kusoma kwa udaku tu, nikajikuta nimenaswa.

Somo la kwanza lilikuwa kuhusu mtu mmoja aliyeitwa Henry Molaison. Mwaka 1953, huko Hartford, jimbo la Connecticut, daktari wa upasuaji William Scoville alimfanyia Henry operesheni ya ubongo. Henry alikuwa na miaka 27, na alikuwa na kifafa kikali ambacho dawa zilishindwa kukituliza. Scoville aliondoa sehemu za ndani za ubongo, kushoto na kulia, pamoja na sehemu kubwa ya kiungo kinachoitwa hipokampasi.

Kifafa kilipungua sana. Lakini kumbe Henry alikuwa amepoteza kitu kingine: hakuweza tena kushika kumbukumbu mpya. Ukizungumza naye, ukitoka nje kidogo na kurudi, anakusalimia kama mgeni. Mwanasaikolojia Brenda Milner, aliyefanya kazi Montreal, alimpa zoezi la kuchora nyota huku akiangalia mkono wake kwenye kioo. Siku baada ya siku mkono wa Henry ulizidi kuwa mzuri kwenye zoezi lile, ingawa yeye mwenyewe hakukumbuka kuwahi kulifanya.

Hebu fikiria hapo. Mkono unakumbuka, mwenye mkono hakumbuki. Hivyo ndivyo sayansi ilivyojua kwamba kumbukumbu si stoo moja. Kujua kuendesha baiskeli na kujua jana ulikula nini ni kazi za sehemu tofauti. Hadi alipofariki mwaka 2008, vitabu vilimtaja Henry kwa herufi mbili tu, H.M.

Binamu yangu hakulala vizuri usiku huo. Wenzake darasani walisikia hadithi ya kumbukumbu. Yeye alisikia hadithi ya kijana mwenye kifafa aliyefunguliwa kichwa kwa sababu dawa zilishindwa, na akakumbuka kijana mwingine kule Kayole ambaye, kwa bahati, dawa zake zilikuwa zinafanya kazi.

Baada ya hapo ikaja sehemu ya umeme. Ubongo wako una uzito wa kilo 1.4 hivi na seli za neva zinazokadiriwa kuwa bilioni 86. Hiyo hesabu inatokana na kazi ya Mbrazili Suzana Herculano-Houzel na wenzake, iliyochapishwa mwaka 2009. Seli hizi zinazungumza kwa mipigo ya umeme. Waliofumbua jinsi mpigo mmoja unavyotokea ni Waingereza wawili, Alan Hodgkin na Andrew Huxley, na hawakutumia ubongo wa mtu. Walitumia ngisi, yule yule ambaye ukienda Mombasa unaletewa na ndimu na pilipili. Ngisi ana uzi wa neva mnene ajabu, unaoweza kufika karibu milimita moja, hivyo waliweza kuingiza waya ndani na kupima. Walichapisha kazi yao mwaka 1952 na mwaka 1963 wakapata Tuzo ya Nobel.

Kwa ufupi, iko hivi. Seli ikiwa imetulia, ndani yake kuna chaji hasi ukilinganisha na nje. Ikichokozwa vya kutosha, vilango vidogo kwenye ukuta wake vinafunguka na sodiamu inaingia mbio. Kisha vilango hivyo vinajifunga, potasiamu inatoka, na seli inarudi ilivyokuwa. Yote hayo kwa muda wa milisekunde moja au mbili tu. Ukiunganisha mabilioni ya mipigo ya namna hiyo, ndipo unapata wewe unayesoma hapa.

Kifafa sasa ni nini? Ni pale kundi kubwa la seli linapopiga kwa pamoja, kupita kiasi, badala ya kila moja kungoja zamu yake. Si laana wala si mapepo, na mtu haambukizwi kwa kumgusa aliyeanguka.

Simu ya saa kumi na mbili jioni

Hapa ndipo nilipoelewa kwa nini nakuandikia haya yote.

Binamu yangu alikuwa mwaka wa pili. Mwalimu alikuwa anaeleza vile vilango vya sodiamu, kisha akaonyesha orodha ya dawa zinazovigusa. Moja ilikuwa kabamazepini. Hilo jina alilijua kabla ya kwenda Marekani. Alikuwa amelisoma mara mia kwenye pakiti zilizokaa kwenye kabati la mama yake, kando ya majani chai.

Kazi ya dawa hiyo ni kushikilia vilango vikiwa vimefungwa kwa muda zaidi, ili seli isipige mfululizo kama honi ya matatu. Haiponyi kifafa. Inakizuia, na inakizuia siku zile tu ambazo iko mwilini.

Darasa lilipoisha akapiga simu nyumbani. Nairobi ilikuwa saa kumi na mbili jioni. Shangazi akapokea kwa furaha, wakaulizana hali, kisha binti akauliza kuhusu dawa za mdogo wake. Shangazi akanyamaza kidogo. Alikuwa ameziacha miezi miwili iliyopita. Mtoto hakuwa ameanguka kwa muda mrefu, alikuwa ameombewa, na pesa ya dawa ilikuwa imeingia kwenye karo. Wiki ile ile ya simu, kijana alikuwa ameanguka mara mbili shuleni. Shangazi hakutaka kumtia binti yake wasiwasi akiwa mbali.

Sina ugomvi na maombi, na pesa ya shangazi naijua, haitoshi. Lakini sikiliza walivyoongea. Zamani binamu yangu angesema, "Mama, mpe tu dawa," na Mama angejibu, "Mtoto amepona, wewe uko mbali." Wangekosana, simu ikatwe. Safari hii alisema:

"Mama, unakumbuka ile swichi kuu ya stima ya ploti, ambayo kea-teka alikuwa anaishikilia na waya isianguke?"

"Ndiyo."

"Siku stima haikupotea, ilikuwa ni kwa sababu imepona?"

Shangazi akacheka. "Ni kwa sababu ya waya."

"Basi dawa ndiyo waya, Mama. Akikaa mwaka bila kuanguka, hiyo ndiyo dawa ikifanya kazi. Ukiiondoa ghafla, inaweza kuwa mbaya zaidi."

Shangazi akasema polepole: "Kwa hiyo haijamaliza. Inazuia."

Hapo ndipo kuna kitu nataka ukishike. Binamu yangu hakumwambia mama yake amrudishie mtoto dawa kwa kipimo cha zamani. Alimwambia, "Kesho asubuhi mrudishe kliniki, mwambie daktari ukweli kwamba mliacha, na mwulize aanze vipi tena." Alijua kwamba yeye si daktari. Kozi ya pembeni haikumpa ruhusa ya kutibu mtu. Ilimpa maneno ya kuongea na mama yake, na ilimfundisha mpaka wake uko wapi.

Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao milioni 50 wana kifafa duniani, na karibu asilimia 80 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu. Linasema pia kwamba hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepimwa na kutibiwa ipasavyo. Pengo hilo halitazibwa na madaktari peke yao. Linahitaji pia watu wa kawaida wanaoweza kueleza jambo hili sebuleni, kwa lugha ya sebuleni.

Bei yake

Sasa tuongee ukweli, kwa sababu hadithi nzuri zinaweza kukuponza.

Kwanza, kuna madarasa yaliyofichika. Kwenye karatasi unaona madarasa sita. Unapotaka kujiandikisha kwa la pili, unaambiwa lazima uwe umefanya biolojia ya kwanza, na biolojia inakudai kemia. Ukitoka kwenye saikolojia au biolojia, mengi utakuwa nayo tayari. Ukitoka kwenye kompyuta, fasihi au uchumi, unaanza chini kabisa. Soma masharti ya kila darasa, si orodha ya juu tu.

Pili, alama. Ufadhili wa binamu yangu ulimtaka asishuke chini ya wastani fulani, ile GPA. Muhula wa kwanza wa biolojia alipata C. Akashuka hadi akabaki juu ya mstari kwa kipande kidogo tu. Alinipigia usiku akilia. Angeshuka tena, angepoteza ufadhili, na bila ufadhili hakuna Ohio. Kila mtu alimshauri aachane na mambo ya ubongo. Alifanya jambo moja la busara: muhula uliofuata hakuchukua darasa lolote la ubongo. Alirudisha alama zake na kompyuta, kisha akarudi. Kozi ya pembeni inaweza kungoja. Kozi kuu na ufadhili havingoji.

Tatu, muda na visa. Mwanafunzi wa kigeni wa digrii ya kwanza mwenye visa ya F-1 lazima achukue mzigo kamili, ambao kwa kawaida ni angalau krediti 12 kila muhula, na wakati wa masomo haruhusiwi kufanya kazi chuoni zaidi ya saa 20 kwa wiki. Ukiongeza maabara ya saa tatu juu ya hapo, kitu kitakatika, na mara nyingi ni usingizi. Kama kozi ya pembeni itakuongezea muhula mzima, uliza nani atalipa kabla hujasema ndiyo.

Kile ambacho haitakupa

Haitakufanya daktari wala mtaalamu wa saikolojia ya tiba. Haitakupa leseni yoyote. Ukirudi nyumbani ukamwambia mtu umesoma ubongo na anataka umwangalie mtoto wake, jibu ni moja: mpeleke hospitali.

Haitakupa kazi peke yake. Na kama unategemea kubaki Marekani kwa muda kufanya kazi baada ya kuhitimu, ruhusa ile hutolewa kwa kazi inayohusiana na kozi yako kuu. Ya pembeni haihesabiwi. Kwa hiyo usichukue kozi kuu dhaifu ukitumaini ya pembeni itakubeba mgongoni.

Kwa nini basi mtu aichukue? Kwa sababu inabadilisha unachokiona kwenye kozi kuu.

Chukua kompyuta. Mwaka 1943 Warren McCulloch na Walter Pitts waliandika jinsi seli za neva zinavyoweza kuchorwa kama hesabu ya ndiyo na hapana. Baadaye David Hubel na Torsten Wiesel walichunguza jinsi ubongo wa paka unavyoona mistari na kingo, kazi iliyochangia Nobel yao ya mwaka 1981 na iliyowapa wahandisi wazo la jinsi kompyuta inavyoweza kutambua picha. Mwaka 2024 John Hopfield na Geoffrey Hinton walipewa Nobel ya Fizikia kwa kazi yao kwenye mitandao ya neva ya kompyuta. Ile AI unayoitumia kuandika asainmenti (usikatae, nakujua) ina mababu kwenye maabara za ubongo.

Binamu yangu alimaliza kwa mradi mmoja mdogo. Alichukua rekodi za umeme wa ubongo za watoto wenye kifafa, zilizokusanywa Boston na kuwekwa wazi kwa jina la CHB-MIT, akaandika programu ya kutambua kifafa kinapoanza. Programu yake ilikuwa inapiga kengele hata mtoto akitafuna au kupepesa macho. Mwalimu wa kompyuta angemwambia arekebishe namba. Mwalimu wa ubongo alimwuliza: "Unajua misuli ya taya nayo ina umeme wake?" Hakuwa amewaza. Akarudi kwenye data na macho mengine. Kengele za uongo zilipungua, ingawa hazikuisha. Hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo kazi ya kozi ya pembeni: kukuuliza swali ambalo kozi yako kuu isingekuuliza.

Ukiwa kwenye ualimu, utajiuliza usingizi unafanya nini kwa kumbukumbu kabla hujawaamsha watoto wa bweni saa kumi alfajiri. Ukiwa kwenye sheria, utajiuliza shahidi anakumbuka vipi. Ukiwa kwenye mipango miji, utasoma kuhusu madereva wa teksi wa London. Eleanor Maguire na wenzake walionyesha mwaka 2000 kwamba sehemu ya nyuma ya hipokampasi zao ni kubwa kuliko ya watu wengine. Hao hukariri barabara zipatazo 25,000. Utaanza kumtazama boda wako kwa heshima mpya.

Kama huendi popote

Mimi sikumaliza chuo. Niliacha mwaka wa pili kozi niliyopangiwa na ambayo sikuwahi kuiuliza swali hata moja. Silaumu chuo. Nasema tu kwamba najua jinsi inavyokuwa kukaa ndani ya mlango mmoja ukisikia kelele za chumba cha pili. Kwa hiyo sitakuambia haya ni ya walio Ohio pekee.

Chuo Kikuu cha Harvard kina kozi ya msingi ya sayansi ya neva kwenye mtandao wa edX, ambayo unaweza kuisikiliza bure. Zile rekodi za CHB-MIT nazo ni bure. Zipakue ukiwa na Wi-Fi ya mtu, kwa sababu ni nzito. Kama uko kwenye saikolojia hapa nyumbani, zile yuniti za biolojia ya tabia ambazo watu huzikimbia ndizo mlango wako. Na ujue kwamba utafiti huu haufanyiki Ulaya na Marekani tu. Kituo cha KEMRI na Wellcome Trust pale Kilifi, kilichoanza mwaka 1989, kimechunguza kwa miaka mingi kifafa na madhara ambayo malaria kali huacha kwenye ubongo wa watoto. Wanaohitajika kwenye kazi kama hizo si madaktari tu. Kuna wa takwimu, wa kompyuta, na wa kuzungumza na familia kwa Kigiriama na Kiswahili.

Kabla hujachagua, jipime hivi. Andika kwenye karatasi swali moja unalotaka ubongo ukujibu. Liwe swali lako, lenye mtu wako ndani yake. Kwa nini nyanya amesahau jina langu lakini anakumbuka nyimbo za kanisa? Kwa nini kaka anarudi kwenye pombe hata akiapa? Kwa nini mimi huganda mtihani ukianza? Ukipata swali la namna hiyo, utavumilia kemia. Ukikosa, na karatasi ikabaki na maneno "inasikika poa", basi okoa pesa na usingizi wako.

Na hata usiposoma darasa moja, chukua hili bure. Mtu akianguka kifafa, usimpe kijiko, usimpe kitu chochote mdomoni, wala usimkandamize. Ondoa vitu vigumu karibu naye, weka kitu laini chini ya kichwa, legeza nguo shingoni, mgeuze kwa upande, na uangalie saa. Ikipita dakika tano, au akianguka tena kabla ya kuzinduka, mkimbize hospitali. Akizinduka, mwambie yuko wapi na kaa naye.

Yule kijana sasa yuko kidato cha tatu. Alirudi kliniki kesho yake baada ya ile simu, na dawa anazimeza mwenyewe kabla ya kwenda shule. Jino bado halipo. Juzi nilimwambia ukweli, kwamba ni mimi niliyelivunja. Akacheka, pengo likaonekana.

"Najua," akasema. "Dada aliniambia. Alisema hata yeye angeleta kijiko."